Sifa Zilizomfunga Libérat

Jumapili, tarehe kumi na nne ya mwezi wa sita, mwaka 1964, saa tatu ya asubuhi, ndani ya depo ya pamba ya Uvira.

“Ulimwona kwa macho yako mwenyewe?”

Hilo ndilo swali tuliloliacha likining'inia juma lililopita, na aliyeulizwa bado hajajibu. Mbele yake, juu ya meza, ipo karatasi ya gazeti yenye maneno aliyoyaandika yeye. Nyuma ya meza ameketi Komanda Félicien wa jeshi la waasi, ambalo sasa limeushika mji kwa mwezi mzima. Sakafuni, mikono imefungwa kwa kamba ya magunia, ameketi Libérat, mkulima wa pamba kutoka uwanda wa Ruzizi.

Kwa wewe uliyekosa majuma yaliyotangulia, nitasema kwa ufupi. Anayeulizwa ni Sylvestre, mwalimu wa darasa la tano na mhakiki pekee wa mji wetu. Kwa miaka sita, kila Jumapili baada ya misa, watu walinunua gazeti dogo la Mlio wa Ziwa na kufungua kwanza ukurasa wa nne, palipokuwa na safu yake, “Jicho la Ukumbi”. Bendi ilipopiga, kwaya ilipoimba, mchezo ulipochezwa, watu hawakujua kama walikuwa wamefurahi mpaka Sylvestre awaambie.

Mwanzo wa mwezi wa tano, kabla waasi hawajaingia, wakulima wa uwandani walileta mchezo juu ya pamba ya lazima ya wakati wa Wabelgiji. Libérat alicheza askari mwenye fimbo. Sylvestre akaandika juu yake maneno manne: “Mtu huyu hakuigiza, alikumbuka.”

Maneno hayo manne ndiyo yaliyomfunga Libérat. Kama alikumbuka, asema Komanda, basi alikuwa askari. Na aliyekuwa askari wa Wabelgiji jana, leo ni mpelelezi wa serikali.

“Mwalimu, minye nauliza mara ya mwisho. Ulimwona?”

Wasomaji wangu, jibu la kweli lilikuwa hapana. Sylvestre hakuwapo ukumbini siku ile. Hakuwa amemwona Libérat hata kivuli chake.

Lakini kusema hapana ni kusema kwamba Jicho la Ukumbi lilikuwa limefumba. Nyuma yake, mlangoni, wamesimama wazazi wa wanafunzi wake.

“Nilimwona,” akasema Sylvestre.

“Vizuri! Basi weye uko shahidi. Tia sahihi hapa.”

“Komanda, nisikilize kwanza. Ile ni lugha ya ukumbini. Ni sifa tu.”

“Sifa?” Komanda akamgeukia karani wake. “Ildephonse, soma.”

Ildephonse akapitisha kidole chini ya mstari, neno kwa neno. “Hapa iko ‘alikumbuka’. Muntu anakumbukaka kitu chenye alifanya. Ao weye, Mwalimu, unakumbukaka kitu chenye haukufanya?”

Watu mlangoni wakacheka. 

Ndipo mfungwa naye akacheka.

“Komanda,” akasema Libérat, “nifungue mikono, unipe fimbo, nitakuchezea. Ukiona askari, fanya chenye unataka. Ukiona mulimaji anayecheza, uniache niende. Magugu hayangojeaki mapinduzi.”

Komanda Félicien akamtazama kwa muda mrefu. Alikuwa mtu mwenye kupenda michezo, na mji ulikuwa umekaa mwezi mzima bila ngoma wala wimbo.

“Saa tisa,” akasema. “Mu ukumbi wa Nyamianda, mbele ya watu wote. Na weye, Mwalimu, utanipa neno moja. Ukisema alikumbuka, tunamumaliza leo leo. Ukisema aliigiza, utanieleza sababu gani karatasi yako ilisema ingine. Na ile sababu iwe nzuri. Muntu mwenye kudanganya raia kwa karatasi, minye najua pa kumuweka.”

Sylvestre akatoka nje. Jua lilimpiga usoni kama kofi.

Hakuwa amefika barabarani alipoona mwanamke amepiga magoti mbele yake, mtoto mgongoni. Alikuwa Apolline, mke wa Libérat.

“Simama, mama. Usinipigie magoti.”

“Mwalimu, acha nikushukuru. Toka nizaliwe sijaona muntu wa mji akiandika juu ya mulimaji kitu kizuri. Minye sijui kusoma. Lakini nilimuomba mwenye kujua anisomee mara tano, mpaka akachoka.”

“Mama Apolline...”

“Siku tulikuja kuuza mchele, wale vijana wa bariera ya Kavimvira wakasema: kila muntu aonyeshe karatasi yake. Bwana yangu hakuwa na karatasi. Wenzetu walirudishwa. Minye nikawaza: lakini karatasi yake iko! Nimeifunga mu kitambaa, hapa, mu kifua. Nikawapatia ile yako. Nikasema: muone, ni Mwalimu mwenyewe alimuandikia sifa.”



Kwa hiyo hakukuwa na msaliti. Hakukuwa na adui aliyelipeleka gazeti kwa Komanda. Katika siku ambazo hakuna aliyevuka kizuizi bila cheti, mwanamke asiyejua kusoma alichukua uhakiki wa Jicho la Ukumbi akautoa kama kibali cha njia.

“Nilikosea?” akauliza Apolline. “Wananiambia nilimufunga bwana yangu mwenyewe. Mwalimu, ile karatasi iko mbaya?”

“Karatasi si mbaya,” akajibu, na macho yake yakashuka chini. “Wewe hukukosea kitu.”

“Basi kosa liko la nani?”

Sylvestre akampita bila kujibu. Mtu mzima, mwalimu, mwenye tai shingoni, alimkimbia mama aliyekuwa magotini.

Nyumbani, mke wake Honorine alikuwa amekaa juu ya mkeka, amezungukwa na magazeti ya zamani. Honorine alianza kujifunza kusoma mwaka uliopita, katika darasa la wamama la parokia, na kwa kukosa vitabu alijifunzia safu za mume wake. Alizitunza zote ndani ya kapu la unga. Kusoma kulimjia polepole, lakini alichosoma hakikumtoka tena.

“Nimesikia ya depo,” akasema bila kuinua kichwa. “Keti, Papa Sylvestre. Nisaidie kusoma.”

“Sina nafasi ya masomo leo.”

“Ni kifupi. Hapa wameandika: mchezo ulichezwa Jumamosi, tarehe mbili ya mwezi wa tano. Nimesoma sawa?”

“Sawa.”

“Jumamosi hiyo ulilala hapa toka saa saba mpaka giza. Nilikuwa natwanga majani ya sombe, ukaniambia nitwange nje, mchi unakuvunja usingizi.”

Honorine akakunja gazeti.

“Nilikuambia: leo si kuna mchezo wa watu wa uwandani? Ukasema: wale walimaji watanifundisha nini?”

Sylvestre akaketi. Sasa hakuwa na pa kwenda.

“Honorine, hujui namna kazi inavyofanyika. Michezo huchezwa Jumamosi. Gazeti hutoka Jumapili. Stensili, karatasi ya kuchapia, hupigwa kwa masini siku ya Ijumaa. Nikingoja kuona mchezo, ukurasa wa nne utatoka mweupe. Kwa hiyo mimi huandika Alhamisi. Nauliza nani atacheza nini, naandika, halafu nakwenda kuangalia.”

“Halafu unakwenda?”

“Zamani nilikwenda.”

“Na zamani ni lini?”

 Honorine akavuta magazeti mawili kutoka kwenye rundo, akayaweka juu ya magoti ya mume wake.

“Hili ni la mwaka 1961. Mwimbaji wa Kalundu. Umeandika: ‘Mtu huyu hakuimba, alikumbuka.’ Hili ni la mwaka jana. Mchungaji wa Rurambo aliyeleta zeze. ‘Mtu huyu hakupiga, alikumbuka.’ Na huyu wa sasa naye amekumbuka. Papa Sylvestre, mbona watu wote wa nchi hii wanakumbuka, na weye peke yako unasahau?”

Aibu ina viwango vyake, wasomaji wangu. Kuna ile ya kuonekana na adui, na hiyo mtu huistahimili. Kuna ile ya kuonekana na umati, nayo hupita. Lakini ile ya kuonekana na mke, kwa macho uliyofurahi mwenyewe yalipoanza kusoma, hiyo hukaa na mtu mezani na kula naye.

“Peleka haya magazeti kwa Komanda,” akasema Honorine. “Mwonyeshe. Sema: ni maneno niliyozoea, hayana mtu ndani.”

“Nitakuwa nani baada ya hapo? Miaka sita, Honorine! Nitasimama vipi mbele ya watoto darasani?”

“Utakuwa mwongo ambaye hakuua muntu. Sasa hivi uko mwongo wa ile namna ingine.”

Sylvestre akaondoka. Hakuchukua magazeti.

Mnataka kujua alikwenda wapi? Alikwenda kutafuta mlango wa tatu. Mwenye aibu hutafuta daima mlango wa tatu, hata kama nyumba ina miwili.

Nyuma ya depo kulikuwa na ukuta wa mbao zilizoachana. Mlinzi alimjua, maana mtoto wake alikuwa darasa la tano, akamwacha akaribie. Sylvestre akaweka mdomo wake kwenye upenyo.

“Libérat! Ni mimi, Mwalimu.”

“Mwalimu! Karibu kwangu. Kiti haiko.”

“Sikiliza. Saa tisa ucheze vibaya. Ujikwae. Sahau maneno. Watakapokuona hujui kitu, watasema huyu si askari.”

 Sauti ya Libérat ikaja, taratibu, kama mtu anayemfafanulia mtoto jambo.

“Nikicheza vibaya, watasema ninaficha. Watu mia mbili waliniona mwezi wa tano, Mwalimu. Wanajua namna ninachezaka.”

“Hata hivyo jaribu!”

“Na iko neno lingine. Weye uliandika kama minye ninaweza. Muntu wa kwanza. Sasa weye mwenyewe unakuja kuniomba nifanye vibaya?”

Sylvestre akaegemea ubao.

“Nikuulize,” akaendelea Libérat. “Siku ile ulikaa wapi? Tulikuwekea kiti mbele, tukatandika kitambaa cheupe cha kwa padri. Nilikutafuta. Kiti kilikaa bure.”

“Nilikaa nyuma,” akasema Sylvestre. Uongo wa pili wa siku hiyo ulimtoka kwa wepesi kuliko wa kwanza.

“Nyuma?” Libérat akacheka kidogo. “Nyuma kulikuwa wamama na kuku zao. Lakini sawa. Nilijisemea: ni muntu mwenye heshima, hapendi kuonekana. Nilichezea ile kiti, Mwalimu. Toka mwanzo mpaka mwisho.”

Mlinzi akakohoa. Muda ulikuwa umekwisha.

Saa tisa ukumbi wa Nyamianda ulijaa mpaka madirishani. Wavuvi wa Kalundu walikuja, wachuuzi wa soko walikuja, na hata wale waliokuwa wamejificha milimani walituma mtu mmoja mmoja akaone. Mbele, katikati, kiliwekwa kiti cha Komanda. Kando yake kiti cha Sylvestre.

Sylvestre akakikalia kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1962.

Wakamwingiza Libérat. Walimfungua kamba, wakampa fimbo ya ngozi ya kiboko na kijiti kirefu kiwe bunduki. Alikuwa miguu mitupu.

“Katika mchezo askari anampiga nani?” akauliza Komanda.

“Mulimaji mwenye pamba kidogo,” akajibu Libérat. “Lakini mwenzangu wa kumucheza alivuka ng'ambo, Burundi.”

Komanda akatazama huku na huku, kisha akamgeukia jirani yake.

“Mwalimu, si ulisha kumuona ukiwa umekaa? Sasa umwone ukiwa umelala. Panda.”

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Sylvestre akapanda jukwaani akiwa na tai yake, akalala kifudifudi juu ya mbao, uso ameugeuza upande. Vumbi likamwingia puani.

Libérat akaingia tena kutoka pembeni, na mchezo ukaanza.

Kabla hajafika karibu, Sylvestre aliweza kumwona mwili mzima, na alichokiona kilimshangaza. Askari huyu alipiga saluti kwa mkono wa kushoto. Alibeba bunduki begani kama jembe. Mhakiki ndani yake, aliyelala miaka mingi, akafumbua jicho moja na kunong'ona: mbona hajui?

Kisha Libérat akasimama juu yake, na sasa Sylvestre hakuona tena kichwa wala mikono. Aliona miguu tu.

Miguu ilikuwa mitupu, lakini naapa kwenu ilivaa viatu. Kisigino kilitua kwa uzito wa kiatu. Kabla ya kila pigo, mguu wa kushoto ulirudi nyuma, vidole vikainuka, vikashuka pole pole karibu na uso wa aliyelala, kama mtu anayepima umbali. Fimbo ikapasua mbao, kiganja kimoja kutoka sikioni. Kisigino kikajizungusha na kusukuma vumbi mdomoni mwake.

Moja. Mbili. Tatu.

Na kati ya pigo na pigo, mguu mmoja uliinuka na kujifuta nyuma ya kigimbi cha mguu mwingine. Ulikuwa unang'arisha ncha ya kiatu. Pigo, kisha kiatu kinang'arishwa. Pigo, kisha kiatu.

Nne. Tano. Sita.

Hapo Sylvestre akasahau kwamba ni mchezo. Akalia. Si kwa hofu ya fimbo. Alilia kwa sababu hatimaye alikuwa anaona.

Saba. Nane.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja nyuma alikuwa amejiziba uso kwa kitenge. Komanda Félicien alifuta jasho la paji, akasimama.

“Huyu ni askari,” akasema. “Hata mtoto ameona. Mwalimu, simama useme neno lako: aliigiza ao alikumbuka?”

Sylvestre akasimama. Vumbi lilimjaa usoni, na machozi yalikuwa yamechora njia mbili ndani yake. Akamwona Apolline, karibu na mlango. Akamwona Honorine, amekumbatia kapu la unga.

“Kabla ya neno hilo,” akasema, “nina lingine. Tarehe mbili ya mwezi wa tano sikuwa hapa.”

“Sema kwa nguvu!” wakapiga kelele nyuma.

“Sikuwa hapa! Nilikuwa nyumbani, nimelala. Sikumwona mtu huyu. Niliandika Alhamisi yaliyochezwa Jumamosi. Na si mara hii tu. Miaka miwili sasa sijaingia ukumbini.”

 Zikaja kelele.

“Mwizi wee!”

“Na kwaya yetu uliyosema ilikoroga sauti? Uliisikilizia kitandani?”

“Mke wangu aliacha kuimba kwa sababu yako!” akapaza sauti mvuvi mmoja, naye hakuwa anatania.

Honorine akapita katikati ya watu, akaweka magazeti mawili mikononi mwa Ildephonse. Karani akayasoma kwa sauti, kidole chini ya mstari. Hakuimba, alikumbuka. Hakupiga, alikumbuka. Hakuigiza, alikumbuka. Kila mara kicheko kilizidi, na kila mara Sylvestre alipungua kimo.

“Basi,” akasema Komanda, “weye uko mwongo. Na mwongo akiniambia leo huyu si askari, nimusadiki sababu gani?”

“Usinisadiki mimi. Sadiki macho yako. Mmeona saluti yake? Mkono wa kushoto! Mmeona bunduki? Ameibeba kama jembe. Kila askari anajua kazi ya mikono yake. Huyu hajui hata moja.”

Watu wakatazamana. Ilikuwa kweli, waliona, lakini miguu ilikuwa imewasahaulisha.

“Lakini miguu ameijua yote. Anajua namna kisigino kinavyosukuma vumbi. Anajua kwamba askari hujifuta kiatu kati ya pigo na pigo. Komanda, mwenye kupiga haoni miguu yake. Hajui hata kama anafanya hivyo. Nimelala pale sasa hivi, na nakuambia: kuna mahali pamoja tu ambapo mtu anaweza kujifunza haya, nami nimetoka hapo nikiwa na vumbi mdomoni. Ndiyo, alikumbuka. Lakini aliyekumbuka si yule aliyesimama. Ni yule aliyelala chini.”

Komanda Félicien akatazama viatu vyake mwenyewe. Kisha, polepole, akavirudisha nyuma, karibu na miguu ya kiti.

“Libérat,” akasema kwa sauti nyingine. “Ni kweli?”

 Fimbo ilikuwa imemponyoka mkulima. Macho yake yalikuwa mlangoni, kwa mke wake.

“Komanda, usiniulize mbele ya bibi yangu.”

“Jibu. Uhai wako uko hapo.”

“Ni kweli,” akasema Libérat, na ukumbi ukalazimika kuinama ili umsikie. “Mwaka 1951. Pamba yangu ilipunguka, sababu mvua ilipunguka. Walinilaza mbele ya baba yangu na wadogo zangu. Mapigo manane. Nililia kama mtoto, na nikajichafua, watu wakaona. Bibi yangu sikumuambia. Nilimuambia zile kovu ni za moto.”

Apolline akashika mdomo wake.

“Achilia huyu,” Komanda akaamuru. “Mumuandikie karatasi ya njia. Karatasi ya kweli.”

Ukumbi ukashangilia! Watu wakapanda jukwaani, wakamwinua Libérat mabegani, wakapiga vigelegele. Sylvestre akajipenyeza mpaka kwake, akanyoosha mkono. Moyo wake ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameokoa mtu. Alikuwa ameona kweli, na kusema kweli.

Libérat hakuushika mkono ule.

“Mwalimu,” akasema taratibu, ili wengine wasisikie, “miaka kumi na tatu nimebeba ile kitu. Nikatafuta njia ya kuisema bila kuisema. Nikapata mchezo. Nikivaa yule askari, watu wanaona kila kitu, lakini hakuna anayeniona minye. Leo umenivua.”

“Ungekufa, Libérat!”

“Najua. Njo maana siwezi kukukasirikia. Lakini ungekuja ile Jumamosi, ukae mu kiti chako, uone, unyamaze... karatasi isingenifunga, na weye usingehitaji kunifungua.”

Akamshika Apolline mkono, wakatoka. Hakucheza tena.

Sylvestre akabaki amesimama katikati ya vigelegele, mkono wake bado umenyooshwa. Mnasema aibu yake ilikuwa imekwisha kwa sababu alitubu mbele ya watu? Hapana. Ya kwanza ilikuwa imekwisha. Hii ilikuwa nyingine, na hakukuwa na ukumbi wa kuikiri.

“Mwalimu!”

Ni Komanda. Alikuwa ameketi tena, ametulia, anamtazama kwa jicho la mtu aliyepata chombo alichokuwa anakitafuta.

“Minye nilifikiri kazi yako ni maneno tu. Sasa nimeielewa. Weye unaweza kumutazama muntu na kujua nani anacheza na nani iko kweli.”

“Komanda, mimi ni mwalimu wa...”

“Mu depo ninao wafungwa kumi na tisa. Wote wanasema: minye niko mulimaji, minye niko muvuvi, minye niko fundi wa cherehani. Ndani yao askari wa serikali wako. Ildephonse haoni kitu. Weye utaona. Utawatazama miguu, mmoja mmoja, na utanipa lile neno lako.”

“Na nikikataa?”

“Nitasema raia walidanganywa miaka sita, na raia wako hapa.” Akapiga kofi moja. “Leta wa kwanza!”

Mlango wa pembeni ukafunguka. Kijana mrefu akasukumwa ndani, suruali imepasuka magotini, miguu mitupu.

“Jina!”

“Niko muvuvi, Komanda. Muvuvi wa Kalundu.”

Sylvestre hakutaka kutazama, lakini macho yaliyokwisha kuzinduka hayalali tena kwa amri. Yakashuka yenyewe. Juu ya vifundo vya miguu, pande zote mbili, vinyweleo vilikuwa vimelika katika mviringo mmoja, sawasawa kama vilipimwa kwa kamba. Hiyo si alama ya nyavu. Ni alama ya buti za miaka mingi.

Akainua macho yake kwenye uso wa kijana.

Nyuma yake, kapu la unga likaanguka chini. Maana kijana huyo alikuwa Déogratias, mdogo wake Honorine, tumbo moja, askari wa serikali kwa miaka minne. Na Honorine, ambaye asubuhi alimwambia mume wake aseme kweli hata ikimwaibisha, alikuwa sasa anamtazama mume huyohuyo.

“Basi, Mwalimu,” akasema Komanda Félicien. “Anacheza, ao iko kweli?”

Wewe uliyesoma mpaka hapa, usifungie samaki kwa karatasi hii. Mpe jirani yako ambaye hakuipata. Na kama jirani hajui kusoma, keti naye, umsomee kwa sauti, pole pole, yale yaliyoandikwa tu.